Siku nane kusini na konsalta wa miaka 27: Dar, Mtwara, Newala, Masasi, Lindi

Nimerudi nyumbani hii wiki ya tatu, vumbi la Newala bado linamwagika kila nikifungua begi la kamera, na kidole changu cha shahada bado kina doa jeusi (sababu utaikuta huko mbele). Naandika kabla sijasahau, kwa kuunganisha picha, notsi za kwenye simu na risiti nilizozikuta mfukoni mwa suruali, kwa hiyo bei ikipishana kidogo mnisamehe.

Ilikuwaje nikaenda. Mimi ni mpiga picha, harusi, kipaimara, vikao vya watu, chochote kinacholipa. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 akanipigia dada mmoja, sauti kama ya mtoto wa shule, anasema yeye ni konsalta, yaani mtaalamu wa kukodiwa kufanya utafiti, ana kazi ya wiki moja kwa wakulima wa korosho mkoani Mtwara na anatafuta mtu wa picha asiyelalamika barabarani. Nikamuuliza bosi wako nani nizungumze naye habari ya malipo. Akasema bosi ni mimi. Nikakaa kimya kidogo, maana konsalta kichwani kwangu alikuwa mzee wa kitambi na koti, Land Cruiser mlangoni, analala hoteli yenye bwawa na kazi yenyewe ni kula posho. Jina lake kaniomba nisiliweke, kwa hiyo hapa ataitwa Bosi, ndivyo nilivyomwita siku zote nane, mwanzoni kwa utani.

Siku ya 1, Jumapili Oktoba 20. Dar mpaka Mtwara

Tulikutana Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa natafuta Land Cruiser, nikamwona binti kavaa buti, kajitanda kanga mabegani, mgongoni begi moja tu, mkononi tiketi mbili za basi, elfu thelathini na tano kila moja. Nikauliza gari la mradi liko wapi. Akasema bajeti ya gari ilikuwepo, akaihamishia kwenye siku mbili zaidi za kukaa kijijini. Nikasema haya.

Kwa wanaokwenda kusini kwa basi la asubuhi: kaa kushoto. Jua la asubuhi litakuchoma kidogo, lakini ukikaa kulia utakula jua lote la mchana, nalo ndo baba lao. Bosi alishajua, kanipa mimi siti ya kulia. Nilielewa tulipofika Nangurukuru.

Mkuranga, Kimanzichana, Kibiti, Ikwiriri, nililala kote huko. Niliamka darajani Rufiji, daraja la Mkapa, mzee wa siti ya nyuma alikuwa anamsimulia mjukuu wake kwamba kabla halijafunguliwa mwaka 2003 hapa watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, mto ukijaa unalala, unapika, watu wanachumbiana, safari ya Mtwara siku mbili tatu na mvua ikikolea unasahau hata ulikuwa unaenda kufanya nini. Bosi aligeuka akamsikiliza mwanzo mwisho, halafu akatoa daftari na penseli akaandika kitu. Penseli, jamani, mwaka 2024. Nikamuuliza kishikwambi huna? Akasema anacho, ila wino unavuja kwenye joto, kishikwambi kinaisha chaji, na penseli hata ikilowa maandishi yapo. Kumbe mwaka 2022 alikuwa karani wa sensa, ile ya Agosti 23, kazungushwa nyumba kwa nyumba na kishikwambi kilichokuwa kinazima kila mchana. Ndo kazi iliyomfundisha kuuliza, anasema, digrii yake ya takwimu ilimfundisha kujumlisha tu.

Somanga basi likasimama na madirisha yote yakajaa sinia za samaki wa kukaanga na mihogo. Hapa ndipo barabara ilikatika mwezi Mei kwa mvua za kimbunga Hidaya, tulipita taratibu sehemu zilizofukiwa upya. Nilinunua samaki wa elfu tatu na muhogo wa mia tano. Bosi akanunua muhogo mtupu, akatoa kikopo kidogo begini, ndani pilipili ya kusaga na ndimu, ya kwake mwenyewe kutoka nyumbani. Kakulia Tanga huyu, na watu wa Tanga kwenye chakula hawaaminiani na mtu. Kila baada ya saa moja alikuwa anatafuna kipande cha tangawizi mbichi, kichefuchefu cha basi kinamsumbua tangu utoto, na bado kazi aliyochagua ni ya kupanda mabasi.

Mtwara tuliingia saa kumi na robo jioni. Gesti elfu ishirini na tano, feni inazunguka inavyotaka yenyewe.

Siku ya 2, Jumatatu. Mtwara mjini, siku ya mihuri

Picha za siku hii ninazo nne tu na zote ni za korido. Kama hujawahi kufanya kazi ya utafiti vijijini, utaratibu ni huu: huendi tu kijijini ukaanza kuhoji watu. Unaanza mkoani na barua ya utambulisho, mkoa unakuandikia kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwenda kwenye kata, mtendaji wa kata anampigia mtendaji wa kijiji, na kila ofisi ina kitabu cha wageni cha kusaini. Chukua nakala sita za kila barua, sio tatu. Ofisi moja tulikaa masaa matatu kumsubiri mtu wa muhuri, kumbe muhuri ulikuwa kwenye droo ya meza tuliyoegemea.

Na kila ofisi ilikuwa sinema ileile. Tukiingia, mwenyeji ananyanyuka ananipa mkono mimi. "Karibu sana mtaalamu." Nina miaka 38, nina kipara, nimevaa fulana ya vifuko vingi, nafanana na utaalamu. Bosi anasubiri salamu ziishe, anaamkia shikamoo, anakaa, anafungua faili, anaanza kuongea, na unaona macho ya yule mheshimiwa yanahama taratibu kutoka kwangu kwenda kwake. Mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha, Bosi akanikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye akasema zile dakika mbili watu wanapohangaika na wewe mimi naisoma ofisi.

Jioni tukatembea mpaka karibu na bandari. Ile bandari ina kina kirefu cha asili, Waingereza waliijenga pamoja na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga ulioanza 1947, na mwaka 1951 mradi ukawa umeshakufa. Bosi anaijua habari hii kwa tarehe na anaipenda vibaya mno, mtu mwingine anavyopenda mpira. Anasema watu walikaa mbali wakapiga hesabu ya karanga bila kuuliza mvua inanyesha lini na udongo ukikauka unakuwaje. Reli iling'olewa, bandari imebaki, leo inasafirisha korosho.

Tulikula wali na pweza wa nazi, elfu saba sahani. Mimi nililamba vidole. Yeye akasema pweza kapikwa vizuri ila ndimu imeingia mapema, akaongeza pilipili yake. Nilimuuliza kwa hizi kazi unalipwa vizuri? Akacheka. Ankara anapeleka kwa awamu tatu, ya kwanza mkataba ukisainiwa, ya pili baada ya ripoti ya awali, ya mwisho ripoti ikikubaliwa, na neno "ikikubaliwa" ndo limefilisi vijana wengi. Kila awamu kodi ya zuio asilimia 5 inakatwa hukohuko. Kuna kazi moja malipo ya mwisho yalimchukua miezi mitano, akaishi kwa kumfundisha mtoto wa jirani hesabu.

Kabla ya kulala alinipitisha duka la kanga. Hapo ndo niliona udhaifu wake. Anakusanya kanga, kila mji doti moja, na hanunui kwa rangi, ananunua kwa jina. Alisoma labda arobaini, anasoma kwa sauti, muuzaji anacheka, mama mmoja mteja akajiunga nao. Akachukua "Hasidi hana sababu", elfu kumi na mbili. Mama yake Tanga, anasema, aliwahi kugombana na jirani mwaka mzima bila kutamka neno, kanga kwa kanga, mpaka jirani akahama.

Siku ya 3, Jumanne. Mtwara, Tandahimba, Newala

Lami ya uhakika ilikuwa mpaka Mnivata, kilomita kama hamsini. Kuanzia hapo wajenzi wapo kazini, ukitoka kwenye tuta unaingia mchepuko, ukitoka mchepuko unaingia vumbi jekundu linalopita hata kwenye zipu. Tulipanda Noah, abiria tuliokuwemo sitaji idadi, mwingine alikuwa kapakata jogoo na jogoo alikuwa kapakata mguu wangu. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni kabla ya begi, vitambaa pekee havitoshi.

Njia nzima mikorosho kushoto kulia, na mwezi wa kumi mabibo yameiva, mekundu na ya njano, harufu yake inaingia ndani ya gari kama juisi iliyosahaulika juani. Msimu ulikuwa umechangamka, mnada wa kwanza bei ilikuwa imevuka elfu nne kwa kilo na kila mtu ndani ya Noah alikuwa na la kusema kuhusu hilo, mpaka mwenye jogoo.

Tulifika Newala saa tisa, juu kule kuna kaubaridi. Gesti tatu zimejaa, msimu wa korosho wanunuzi na madereva wa malori wanajaza vyumba, kwa hiyo piga simu kabla. Ya nne tukapata, elfu kumi na tano, maji ndoo moja kwa kila mtu. Nyanda za Makonde hazina mito juu, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, ndoo ukipewa iheshimu, niliona mtu anaoga kichwa mpaka miguu kwa jagi mbili na akabakiza.

Saa kumi na mbili jioni Bosi akapekua begi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akalimwaga lote kitandani. Daftari halipo. Mahojiano yote ya maofisini, hesabu zake, majina ya watu wa kuwaona vijijini. Nilimwona kwa mara ya kwanza akionekana ana miaka 27. Hakulia, alikaa tu kwenye ngazi ya gesti anatafuna tangawizi. Namba ya dereva hatuna.

Saa tatu kasoro usiku bodaboda ikapiga honi nje. Ni yule dereva wa Noah, kapakiwa nyuma, kazunguka gesti moja baada ya nyingine anauliza "yule binti wa buti". Daftari kalifunga kwenye mfuko wa sukari. Bosi akataka kumpa elfu ishirini, akakataa, akachukua elfu tatu ya bodaboda tu. Halafu hakuondoka. Akajikuna kichwa akasema, "Dada, samahani, nimefungua kutafuta namba ya simu nikasoma kidogo. Pale kwenye salfa mmekosea."

Naye ni mkulima, ana mikorosho yake, Noah ni ya watu. Kwenye daftari iliandikwa mfuko mmoja wa salfa (ile dawa ya kupuliza mikorosho) wa kilo 25 unatosha mikorosho mia. Akasema hiyo ni kweli, robo kilo kila mti, lakini ni kwa kupuliza mara moja, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, hauondoki kwa mara moja, unarudia mara tatu nne msimu mzima, sasa mkiandika mfuko mmoja huko Dar wataleta mfuko mmoja. Bosi akatoa penseli akiwa amesimama palepale nje gizani, mimi nawamulikia na simu, wakakaa kwenye ngazi mpaka saa nne na nusu. Aliyemwambia ule mfuko mmoja ni mtu wa ofisini.

Siku ya 4, Jumatano. Kijiji cha kwanza

Bodaboda mbili, elfu nane kwenda. Jina la kijiji nalo naliacha, mkisoma mbele mtaelewa.

Kazi yenyewe sasa. Kuna shirika lilitoa mafunzo kwa wakulima wanawake, na linataka kujua kwa nini bado wengi wao hawapeleki korosho kwenye chama chao cha msingi cha ushirika, wanauzia kangomba. Kangomba kwa asiyejua ni wale wanunuzi wa kichochoro, wanapita nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinapelekwa ghala la chama na kuuzwa mnadani), wanapima kwa bakuli au kisado, wanalipa palepale, na sheria haiwataki. Hadidu za rejea, yaani karatasi ya maelekezo ya kazi, alinionyesha, zilikuwa zimeshajijibu: kubaini mapungufu ya elimu kwa wakulima wanawake.

Asubuhi tulianzia ghalani, na hapa nilipiga picha ninazozipenda kuliko zote. Kijana wa ubora anachota korosho kutoka magunia tofauti, anapima kilo moja, anazikata moja moja na mkasi wa mezani, ka! ka! ka!, anatenga viini vizuri na vilivyooza na vilivyosinyaa, halafu anapima viini vinavyofaa. Vilitoka gramu 281. Bosi akazidisha kwa 80 akagawa kwa 453.6 (gramu za paundi moja) kwa penseli, akapata paundi 49 na nusu za viini kwa gunia la kilo 80, ndo kipimo cha ubora wa korosho, kijana bado anatafuta kikokotoo kwenye simu. Akamtazama tena Bosi, safari hii vizuri. Baada ya hapo hakuna aliyeniita mtaalamu pale ghalani.

Mchana mkutano chini ya mwembe, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Dodoso, majadiliano ya kikundi, yote yalifanyika. Majibu yalikuwa mazuri mno. Tunashukuru mafunzo, tunaomba elimu iendelee, tunaomba na semina nyingine. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa kila jibu. Mimi nikajua kazi imeisha, tumepata tulichofuata. Kurudi kwenye bodaboda Bosi akaniambia, "Wale akina mama walikuwa wananijibu mimi huku wanamwangalia mwenyekiti, hukuona kwenye kamera?" Usiku nikafungua picha. Ni kweli, picha kumi na nane, macho yote upande mmoja.

Siku ya 5, Alhamisi. Jikoni

Ratiba ilisema tuhojiane na viongozi. Bosi akawaahirisha mpaka alasiri, tukarudi kijijini saa mbili asubuhi bila dodoso, tukaenda kwa bibi mmoja aliyekuwa kimya jana yote, ana nembo za zamani usoni, zile za Kimakonde. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, njomba karibu." Alikuwa anataka kukaanga korosho za kula nyumbani, nyuma ya nyumba, na binti zake wawili.

Bosi akavua buti akakaa chini, akapewa jiwe.

Kama umezoea korosho za pakiti ngoja nikwambie inavyokuwa. Wanatia korosho na maganda yake kwenye bati lililotobolewa, juu ya moto wa mawe matatu. Kwanza hakuna kitu, halafu zinaanza kutoa jasho, yale mafuta ya ganda, yanachuruzika kwenye matundu, mara moto unaruka juu wote kwa pamoja, moshi mweusi, bibi anakoroga na fito refu amegeuza uso, kisha anapindua bati zinamwagika mchangani na moto unazimwa kwa mchanga. Zinapoa nyeusi kama mkaa. Unasimamisha moja kwenye kigogo, unaigonga na jiwe ubavuni, sio katikati, ganda linaachia kiini kinatoka kizima. Bosi tano za kwanza alizisaga. Ya sita ikatoka nzima, binti mmoja akampigia vigelegele.

Mimi kwa kiherehere nikaokota iliyokuwa haijaungua sawasawa nikaifungua kwa vidole nipige picha ya karibu. Yale mafuta ni tindikali, yaliniunguza, ngozi ikawa nyeusi ikabanduka. Wasafiri, korosho mbichi usiimenye kwa mkono.

Ilipita kama saa nzima Bosi hajauliza swali hata moja. Wanaongea mvua, bei ya mchele, mtoto wa fulani kaolewa Masasi. Mimi nachoka, namwonyesha saa, ananipuuza. Halafu bibi mwenyewe, anagonga korosho hata hatuangalii:

"Jana mlituuliza elimu. Elimu tumepata, mpaka na kofia tulipewa. Ile mikorosho yote mnayoiona huko tunapalilia mie na hawa wanangu. Ikifika ghalani inaandikwa namba ya nani? Ya babu yenu. Hela ikitoka inaingia benki ya nani? Ya babu yenu. Kadi anayo yeye, na kwenda mjini anakwenda yeye. Sasa yule wa usiku anakuja na kisado, hela kanipa mkononi hapa nilipokaa. Kidogo, najua ni kidogo, hesabu si ninajua! Lakini nimeishika."

Mkubwa wa wale binti akaingia ndani akatoka na kitabu cha chama, akakifungua ukurasa wa kwanza pale kwenye jina, akamwekea Bosi mapajani. Hakusema kitu. Bosi akamuuliza kwanza bibi, kisha mabinti, kama naruhusiwa kupiga picha kile kitabu na mikono tu bila sura. Wakakubali. Ni picha moja.

Tulikula palepale ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vyembamba unavimenya kama unavua soksi. Pilipili ya Tanga haikutoka begini siku hiyo. Niliiona ila nikanyamaza.

Usiku hakulala saa tatu kama kawaida yake. Alikuwa anakata dodoso kwa mkasi na kubandika na selotepu, ameongeza maswali mawili: namba ya ghalani ina jina la nani, na kadi ya benki inakaa kwa nani.

Siku ya 6, Ijumaa. Kijiji cha pili, na Shimo la Mungu

Kijiji cha pili tulimaliza saa nane, hakuna mkutano, nyumba kwa nyumba kama sensa. Yale maswali mawili, tiki zilijaa upande mmoja wa karatasi.

Hela iliniishia hapa. Msimu wa malipo mawakala wa pesa za simu Newala wanaishiwa noti kabla ya saa sita, kila mtu anatoa hakuna anayeweka, njoo na keshi yako kutoka Mtwara. Muuza chai akatukopesha chai na chapati, akasema tutalipa kesho, sisi hatujui hata kama tutakuwepo kesho, yeye ndo ana uhakika.

Jioni tukaenda Shimo la Mungu, pembeni tu ya mji kwa mguu. Nyanda inakatika ghafla, chini bonde limelala mpaka mto Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Nenda baada ya saa kumi, mchana kuna ukungu wa joto picha hazitoki. Bosi akakaa ukingoni akanipa sikio moja la hedifoni, taarab, ile ya zamani ya udi na fidla, sio ya kinanda. Nikamuuliza ripoti itasemaje sasa na hadidu zinataka elimu. Akasema ataandika kwanza waliyoyaomba, kurasa mbili, halafu ataandika tuliyoyakuta. Na kama hawatakubali? Akaongeza sauti ya taarab.

Kabla giza halijaingia akapita sokoni, kanga tena. Safari hii alitafuta muda mrefu, maduka matatu. Akanunua doti mbili za jina moja, "Hamadi kibindoni". Moja akaikunja begini, nyingine akampa yule dereva wa Noah aipeleke kwa bibi, akamwambia amsomee jina. Dereva akalisoma, akacheka mpaka akaegemea mlango wa gari.

Siku ya 7, Jumamosi. Masasi, Ndanda, Lindi

Newala mpaka Masasi vumbi na michepuko tena. Masasi ile milima ya mawe inaota tu katikati ya mji kama imedondoshwa, kuna ya kupiga picha siku nzima, tulikuwa na dakika arobaini. Ndiyo wilaya aliyozaliwa Mkapa, kule Lupaso. Kutoka hapo lami safi, Ndanda tuliiona dirishani na abasia yake ya Wabenediktini, Mingoyo, Lindi kabla ya jua kuzama. Kondakta alisahau kunirudishia chenji elfu mbili, nikajua imekwenda, kumbe kampa mama wa mbele yangu aniletee, na mama kaniletea mpaka nje ya gari. Lindi tukala samaki wa kuchoma ufukweni, elfu kumi wawili tunashiriki, Bosi akasema hapa ndimu imeingia kwa wakati wake. Nikatamani mpishi angesikia.

Siku ya 8, Jumapili. Lindi mpaka Dar

Basi liliharibika kabla ya Nangurukuru, tukakaa hapo kwa masaa mawili na nusu, tukala embe za abiria wenzetu, tukafika Mbagala usiku. Kurudi jua linageuka, kaa kulia. Nilikaa kulia.

Jumla yangu kwa nauli zote, gesti na chakula ilikuwa laki tatu na sitini na kitu, bila kamera wala dawa ya kidole.

Juzi Bosi kanitumia meseji. Ripoti imerudi na maoni arobaini na tatu. La kwanza linasema sehemu ya jikoni iondolewe kwa kuwa haimo kwenye mbinu za utafiti zilizokubaliwa. Nikamuuliza utaiondoa? Akajibu: "Kaka nitumie ile picha ya kitabu, kubwa kabisa usiibane, inakuwa ukurasa wa kwanza."

Nimemtumia. Awamu ya mwisho ya malipo bado, yangu na yake.